Amana ya Wasioweza Kujisemea

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu akili, akamtukuza kwayo juu ya wengi katika viumbe Vyake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyeifuata njia yao kwa wema. Amma baad.

Enyi ndugu zetu Waislamu,

Imepokewa katika Sahihi ya Imamu Muslim kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) ya kuwa mwanamke mmoja, aliyekuwa na kitu katika akili yake, alimjia Mtume (S.A.W.) akamwambia kuwa ana haja naye. Mtume hakumgeuzia uso, wala hakumtuma mtu amwondoe njiani, wala hakumwambia arudi kesho. Alimtaka achague mwenyewe njia aipendayo katika njia za mji, ili asimame naye hapo mpaka amtimizie haja yake. Kisha akenda kando naye, akamsikiliza mpaka akamaliza.

Itazameni hadithi hii kwa makini. Huyu aliyesimama njiani ndiye Mtume wa Mungu, na ndiye mkuu wa dola ya Madina. Mikononi mwake mna majeshi, na hukumu za watu, na mali ya zaka. Na huyu aliyemsimamisha ni mwanamke ambaye watu wamezoea kumpita wasimsikie, kwa kuwa maneno yake hayana uzito kwao. Basi Mtume alimpa wakati wake, na akampa na hiari ya kuchagua mahali. Huu ndio mwendo wa Kiislamu katika kumtazama mgonjwa wa akili: ni mtu mwenye haja, na mwenye mamlaka ni wajibu wake kumsikiliza.

Sasa natutazame mwendo wetu sisi. Nitasimulia jambo lililotokea katika mtaa wetu, wala sitamtaja mtu kwa jina, kwani mwenye kusitiri Waislamu wenziwe Mungu humsitiri.

Palikuwa na kijana aliyesoma chuoni pamoja na wadogo zetu, akahitimu juzuu nyingi, kisha akajifunza useremala, akawa fundi anayetakiwa. Alipotimia miaka ishirini na kitu maradhi yakamwanza. Usiku halali, mchana azungumza na asiyeonekana, na chakula akidhani kimetiwa sumu. Mama yake, naye ni mjane, akampeleka kwa waganga. Akaambiwa lete mbuzi mweusi, akaleta. Akaambiwa lete marashi na nguo nyekundu na pesa za ngoma, akauza bangili zake akaleta. Mwaka ukapita, na mtoto ni yule yule. Hatimaye watu wa kheri wakamwongoza hospitalini, akaonekana na daktari, akapewa vidonge na sindano ya kila mwezi. Haikupita miezi mingi kijana akarudi kwenye randa na msumeno wake, na tukamwona tena katika safu ya sala ya alfajiri. Watu wakamshukuru Mungu.

Kisha sindano ikakosekana katika zahanati. Mama akenda mwezi wa kwanza, akaambiwa dawa haijaja. Akenda mwezi wa pili, akaambiwa vivyo hivyo. Mwezi wa tatu hakuwa na nauli ya kwenda, wala uwezo wa kuinunua dawa dukani. Maradhi yakarudi kwa nguvu kuliko mara ya kwanza. Usiku mmoja kijana akatoka nje akipiga kelele, na wanaume wa mtaa wakatoka wakamkamata, wakamfunga kamba kwenye nguzo ya ukumbi wa nyumba yao. Mimi niandikaye haya nilikuwa mmoja wa walioishika kamba ile.

Katika mwezi ule ule tuliitwa kwenye mkutano wa hadhara wa kutoa maoni juu ya bajeti ya kaunti. Nilikwenda. Wako walioomba barabara, na walioomba mtaro wa maji ya mvua. Mimi niliomba taa ya mtaani. Hakuna aliyetaja zahanati kukosa dawa za akili miezi mitatu. Mama wa kijana hakuwapo, kwani alikuwa amekaa kumlinda mwanawe. Sisi tuliokuwapo twalijua jambo lile wote, na alama za kamba zilikuwa bado mikononi mwetu, lakini tuliona haya kulisema mbele ya watu. Nikatoka mkutanoni nikijiona nimetimiza wajibu wangu wa uraia.

Ndugu zangu, nimelisimulia hili kwa sababu najua halikutokea katika mtaa wetu peke yake. Na nataka tujiulize: kosa hapa ni la nani? Ni la aliyekosa kuleta dawa, bila shaka. Lakini je, la kwake yeye tu?

Wanazuoni wetu, kama Imamu Ghazali na Imamu Shatibi, wamebainisha kuwa Sharia imekuja kuhifadhi mambo matano ya dharura, nayo ni dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Sisi tumeizoea hifadhi ya akili kwa upande mmoja tu, yaani kuharamisha ulevi. Hilo ni haki, na katika miji yetu ya pwani, ambako unga na bangi vimewaharibu vijana wengi, lahitaji kukaririwa kila siku. Lakini kuhifadhi kitu si kukikinga tu kisiharibike, bali pia ni kukitengeneza kikisha haribika. Mwenye nyumba hamalizi wajibu wake kwa kuwakataza watoto kurusha mawe juu ya paa. Likivuja, yampasa alizibe.

Na tumeipokea kwa Mtume (S.A.W.) hadithi ya kuwa kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka arudiwe na akili. Wengi wetu huifahamu kama kwamba mgonjwa wa akili ametoka katika hesabu. Huo ni ufahamu mbovu. Kalamu imeinuliwa kwake yeye, haikuinuliwa kwetu sisi. Mtoto mchanga hana dhambi akikaa na njaa, lakini babaye anayo. Vivyo hivyo mambo aliyosamehewa mgonjwa ya kujitunza nafsi yake na kuitafuta haki yake, hayo yametuangukia sisi. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 5, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tusiwaache watu wenye upungufu wa akili waipoteze mali, na papo hapo akatuamrisha tuwalishe, na tuwavike, na tuseme nao kwa maneno mazuri. Kulisha, kuvika na kauli njema: hakutaja kamba wala nguzo.

Huenda mtu akasema: "Haya ni mambo ya majini, daktari hayawezi." Twamjibu ya kuwa sisi hatukanushi kuwapo kwa majini, kwani Qur'ani imewataja, wala hatukatazi mgonjwa kusomewa Qur'ani na dua zilizothubutu. Lakini Mtume wetu ametuamrisha tujitibu, na akatufahamisha kuwa Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na dawa yake, isipokuwa uzee. Kumsomea mgonjwa hakuzuii kumpa dawa, kama vile kumwombea dua msafiri hakuzuii kumpa chakula cha njiani. Ama kumpiga mgonjwa kwa madai ya kuwa anapigwa jini, na kumla mama mjane mbuzi na bangili zake, hiyo si dini wala si tiba. Ni dhulma na ulaji wa mali kwa batili.

Na Waislamu waliotutangulia hawakulifahamu jambo hili kwa ujinga. Abu Zaid al-Balkhi, aliyekufa mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya maslaha ya miili na nafsi, akaeleza kuwa nafsi huugua kama mwili uuguavyo, na kuwa huzuni na hofu na waswasi vina matibabu yake. Nuruddin Zangi alijenga hospitali kubwa Damascus mwaka 1154. Sultani Qalawun alijenga nyingine Cairo mwaka 1284, akaiwekea wakfu. Na katika hospitali za namna hii wagonjwa wa akili walitengewa mahali pao, wakatibiwa kwa dawa na chakula na utulivu. Hawakuachwa masokoni wakirushiwa mawe na watoto.

Tena hawakujenga tu wakaacha. Waliweka na wa kusimamia. Kila wakfu una nadhiri wake, naye ataulizwa mapato yametoka wapi na yamekwenda wapi. Na katika miji palikuwa na muhtasib, ambaye kazi yake ilikuwa kukagua mizani za wafanyabiashara, na usafi wa vyakula, na kazi za matabibu pia. Mwaka 931 khabari ilimfikia Khalifa al-Muqtadir huko Baghdad kuwa mtu mmoja amekufa kwa kosa la tabibu. Khalifa akaamrisha matabibu wa mji watahiniwe na Sinan bin Thabit, na asiyefaulu asitibu watu. Zingatieni: alikufa mtu mmoja tu, na mji mzima ukakaguliwa. Ni kwa nini? Kwa sababu khabari ya yule mmoja ilifikishwa. Lau jamaa zake wangelisema, "Haya ni majaaliwa, tunyamaze," matabibu wabovu wangeliendelea kuua.

Basi na natutazame mambo yalivyo hapa kwetu Kenya.

Kwa miaka mingi mtu akisema hospitali ya wazimu, fikira zote zilikwenda Mathari, Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1910. Na sisi wa Mombasa twajua wodi ya akili ya Port Reitz. Mgonjwa wa mbali alisafirishwa, akakaa, na pengine jamaa zake wakamsahau huko huko. Lakini Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, imezikabidhi hospitali na zahanati za kaunti kwa serikali za kaunti, nazo zilianza kazi mwaka 2013. Na Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilirekebishwa mwezi wa Juni mwaka 2022, ikazibebesha serikali za kaunti wajibu wa kutoa matibabu na matunzo ya maradhi ya akili katika maeneo yao, na ikaweka Baraza la Afya ya Akili katika kila kaunti. Kwa hiyo mwenye kuulizwa leo hayuko mbali. Ofisi yake iko hapa hapa mjini, na pengine twasali naye Ijumaa katika msikiti mmoja.

Ama hali ilivyokuwa, tunayo ushahidi ulioandikwa na serikali yenyewe. Mwaka 2017 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alizikagua huduma za akili nchini, akakuta kaunti 22 tu katika kaunti 47 ndizo zilizokuwa na wodi za akili, na hospitali 29 tu katika hospitali 284 za daraja la nne na kuendelea juu ndizo zilizokuwa zikitoa huduma hizo. Kisha mwaka 2020 jopo la wataalamu lililoongozwa na Daktari Frank Njenga likapendekeza kuwa maradhi ya akili yatangazwe kuwa jambo la dharura la taifa zima. Haya hayakusemwa na wapinzani wala na wachochezi. Yamesemwa na watu waliotumwa na nchi kuangalia.

Lakini mkaguzi wa Nairobi haji kila mwezi. Hawezi kujua kuwa mwezi uliopita sindano ilikosekana katika zahanati ya mtaa fulani. Anayelijua hilo ni mama aliyekwenda akarudi mikono mitupu, na jirani yake, na imamu wa msikiti wake. Taarifa ya kweli huanzia hapo. Ikiwa hapo pana kimya, basi karatasi zote za juu zitajazwa maneno mazuri, na Bunge la Kaunti litayapitisha, na gavana atayatia sahihi, na kila mmoja atasema kuwa hakuna aliyelalamika. Na kweli hakuna aliyelalamika.

Sikilizeni kisa cha Sayyidna Umar (R.A.) kilichopokewa na Imamu Bukhari. Watu wa Kufa walimshtaki gavana wao, Saad bin Abi Wakkas, naye ni sahaba katika masahaba wakubwa, miongoni mwa kumi waliobashiriwa Pepo. Umar hakusema, "Huyu ni mtu mkubwa, msinisumbue." Alimwondoa kazini, akamwita, akamsikiliza mwenyewe, kisha akatuma watu pamoja naye mpaka Kufa, wakauliza juu yake msikiti kwa msikiti, wala hawakuuacha msikiti hata mmoja. Kote walisifu wema wake, mpaka walipofika katika msikiti wa Banu Absi. Hapo akasimama mtu mmoja, akamtuhumu Saad kwa uwongo. Na Saad akamwombea Mungu juu yake ikiwa ni mwongo, na dua ile ikampata.

Katika kisa hiki mna mafundisho matatu. La kwanza, mwenye mamlaka hukaguliwa hata akiwa mwema, wala kukaguliwa si kutukanwa. La pili, mahali pa kuuliza ni pale walipo watu, na msikiti ni mmoja wa mahali hapo. Basi asituambie mtu kuwa mambo ya zahanati si mambo ya msikitini. La tatu, na hili ni zito, mwenye kushuhudia kwa uwongo amejiletea balaa mwenyewe. Kwa hiyo tunapodai hesabu tusiseme ila tulilolihakikisha, kama tulivyoamrishwa katika Suratul Hujurat, aya ya 6. Tusimsingizie muuguzi wizi ilhali dawa haikuletwa kabisa. Muuguzi yule aliyemwambia mama kuwa dawa haijaja huenda alisema kweli, na pengine yeye mwenyewe aliandika barua ikakosa majibu. Ni wajibu wetu tumsaidie kwa ushahidi wetu, tusimrushie lawama zisizo zake.

Sasa nafikia penye kiini cha maneno yangu, nacho ni haya tunayoona. Twasema: "Kulitaja jambo hili ni kuifichua aila. Nani atamwoa dada yake yule kijana? Sitara ni bora." Ndugu zangu, sitara ni katika dini yetu, wala sitaki kuivunja. Lakini tumechanganya mambo mawili yasiyofanana. Iko aibu ya mtu, na iko kasoro ya kazi. Maradhi ya kijana, jina lake, maneno aliyoyasema katika homa ya akili yake, hayo ni siri yake, na mwenye kuyatangaza barazani ametenda dhambi. Lakini zahanati kukosa dawa miezi mitatu, wodi kukosa muuguzi, fedha kuandikwa na zisionekane, hizo si siri za kijana wala za mama yake. Hizo ni khabari za mali ya umma na amana ya watu. Kuzificha si sitara. Ni kuficha ushahidi, na Suratul Bakara, aya ya 283, imetuonya kuwa afichaye ushahidi moyo wake umo katika dhambi.

Angalieni jinsi tulivyoyageuza mambo. La kusitiriwa tumelitangaza, kwani mtaa mzima ulikuja kumtazama kijana akiwa amefungwa, na watoto wakamcheka. Na la kutangazwa tumelisitiri, kwani mkutanoni hakuna aliyefungua mdomo. Mwenye kulaumiwa alipata sitara, na mwenye kusitiriwa alipata fedheha.

Wengine watasema, "Serikali haisikii, ya nini kujichosha?" Nami nawauliza: mlisema lini wasisikie? Taa ya mtaani tuliyoiomba ilikuja. Ilikuja kwa sababu tuliiomba, tukaandikisha, tukafuatilia. Na wengine watasema, "Tuwe na subira." Subira ni juu ya qadari isiyo na njia ya kuondoka. Mwenye njaa aliye na chakula mbele yake akakaa bila kula hasemwi kuwa ana subira.

Basi njia ni zipi? Sheria za nchi zimezifungua, na ni aibu kwetu kuwa hatuzijui.

Kwanza, Katiba katika kifungu cha 185 imelipa Bunge la Kaunti kazi ya kuisimamia serikali ya kaunti, na katika kifungu cha 196 imelitaka liwashirikishe wananchi. Mwakilishi wetu wa wadi si wa kuombwa michango ya harusi na maziko, ni wa kuulizwa, "Je, umeiuliza idara ya afya juu ya dawa za akili?"

Pili, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeilazimisha hazina ya kaunti kutoa taarifa ya mapato na matumizi kila robo ya mwaka, kabla ya kupita mwezi mmoja tangu robo ile kwisha, na kuitangaza. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai; basi mwisho wa Oktoba, na wa Januari, na wa Aprili, na wa Julai, taarifa inatakiwa iwe imetoka. Tuitake, tuisome. Ikiwa huduma za akili hazikutengewa fungu lao, fedha zake zitazama katika fungu kubwa la hospitali, wala hakuna atakayejua kama zilitumika au hazikutumika. Kwa hiyo dai letu la kwanza liwe fungu lake liandikwe peke yake. Makadirio ya bajeti hupelekwa bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili. Tusingoje mwezi wa Juni kisha tukalalamika.

Tatu, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 imempa kila raia haki ya kuomba habari katika ofisi ya umma, naye ajibiwe katika siku 21. Na habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, ajibiwe katika saa 48. Asipojibiwa, aweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 imempa mtu haki ya kupeleka ombi la maandishi katika Bunge la Kaunti. Barua moja iliyoandikwa vizuri na kutiwa sahihi na watu arubaini ina nguvu kuliko manung'uniko ya mwaka mzima barazani.

Nne, tangu mwaka 2023 wamewekwa wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba na kupeleka taarifa. Wakibisha hodi tusiwafiche mgonjwa chumba cha ndani. Mgonjwa asiyehesabiwa hapangiwi dawa.

Na sisi wanadarsa tumekata shauri la kuanza na dogo. Tumenunua daftari. Kila mwisho wa mwezi watu wawili miongoni mwetu, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, watakwenda kwa wazazi na walezi wa wagonjwa, waulize mambo manne tu: dawa ilikuwapo au haikuwapo, ilikosekana siku ngapi, muuguzi au daktari wa akili alifika au hakufika, na mgonjwa alitendewa kwa heshima au hakutendewa. Majina ya wagonjwa hayataandikwa. Yaliyo mema yataandikwa pia, kwani mwenye kutenda wema naye ana haki ya kushuhudiwa. Kila miezi mitatu tutaipeleka nakala kwa msimamizi wa zahanati kwanza, apate kujibu, kisha kwa mwakilishi wa wadi na kamati ya afya ya Bunge la Kaunti. Twaziomba darsa za mitaa mingine zifanye mfano wa haya, ili siku Umar wa zama hizi atakapotuma watu kuuliza msikiti kwa msikiti, wakute msikitini jibu lililoandikwa.

Namalizia na yule kijana. Kamba aliifunguliwa siku ya tatu, wakati mjomba wake alipopata fedha za gari, akampeleka hospitalini. Alikaa huko wiki kadha wa kadha, akarudi. Leo yuko kwenye randa yake, anatumia dawa, na mama yake huuliza kila mwezi kabla haijesha. Nilikwenda kwake kumtaka radhi. Aliniangalia kwa muda, kisha akaniambia kuwa amesamehe kamba, kwani alijua tuliogopa. Akaniuliza jambo moja tu: "Miezi ile mitatu, kaka, mlikuwa mkijua kuwa dawa hakuna?"

Sikuwa na la kumjibu. Naogopa kuwa swali lile lile litarudi tena, mbele ya Yule ambaye hapana mtu awezaye kumnyamazia.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, na uwape subira na riziki wanaowatunza. Uwaongoze waliopewa amana ya mambo yetu waitimize, na utuongoze sisi tuwaulize kwa haki na tuwashuhudie kwa haki. Utusamehe ukimya wetu uliopita, wala usitujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuficha ushahidi. Na mwisho wa maombi yetu ni kukuhimidi Wewe, Mola wa viumbe wote.

Wassalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.